Subaru Forester SG5 XT: nitengeneze ramani (mipangilio ya kompyuta ya injini) barabarani Arusha au niipeleke kwenye daino (mashine ya kupimia nguvu ya gari) Nairobi?

njiro_xt:
Wakuu habari za jioni. Nina SG5 XT ya Japani, injini ya EJ205 yenye tabo, otomatiki, imetoka bandarini mwaka jana na injini haijawahi kufunguliwa. Nimebadilisha eksozi yote kuanzia kwenye tabo mpaka nyuma, sasa fundi kaniambia eksozi wazi bila kugusa kontrol boksi (kompyuta ya injini) ni kujitafutia msiba maana busti (mgandamizo wa hewa inayosukumwa na tabo) itapanda yenyewe. Kuna jamaa anakuja hapa Arusha na laptopu na waya wake, tunaingia barabarani anarekodi, anarekebisha, anarudia, anataka laki sita. Au niende Nairobi kwenye daino, bei mara mbili na ushee, hapo sijaweka vibali vya Namanga, bima ya kuvukia, mafuta na kulala. Aliyefanya yote mawili anisaidie, maana kila ninayemuuliza anatetea kile alicholipia yeye.

Babu_Tabo:
Hahaha hilo la mwisho umelenga penyewe. Basi na mimi natetea changu, nimefanya barabarani mara mbili na sijutii. Siri ya barabara ni upepo, mkuu. Hiyo gari yako intakula (kipoza hewa ya tabo) imelala juu ya injini, inaishi kwa hewa inayoingia kwenye lile tundu la boneti, ukiwa spidi 100 hakuna feni ya gereji itakayoleta hewa ile. Kwenye daino ukivuta (ukikanyaga mpaka mwisho) mara ya tatu tu intakula imeshakuwa kikaango, kompyuta inarudisha taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) nyuma ili ijilinde, halafu unapewa karatasi ya namba ndogo na ramani ya gari iliyosimama ndani. Wewe utaendeshea ndani?

msee_wa_rongai:
Babu uko sawa lakini umeruka kitu moja, hiyo barabara utatoa wapi? Hiyo otomatiki ya gia nne, gia ya pili inaisha kama 115 hivi, na ya tatu ukitaka kuifikisha mizunguko 6,500 lazima uguse 170 na zaidi. Huku kwetu mwisho ni 110 hata kwa haiwei. Sasa fundi akifanyia kila kitu gia ya pili, mvuto ni mfupi sana, tabo haijapata mzigo kamili na gia imeisha, noki (mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda, injini ikigonga) haikujitokeza, kila mtu anafurahi. Halafu siku unapanda mlima gia ya tatu na familia na mizigo ndio inaanza kugonga. Mimi nililipia daino juu ya hiyo tu, sikutaka kuua mtu wa boda saa kumi usiku Kajiado ndio nijue gari yangu inachoma mafuta aje.

Babu_Tabo:
Hapo kwa tochi za trafiki na boda sikubishii.

fundi_taimingi:
Ngoja niweke kidogo, kazi yangu ni hii hii japo siko Arusha kwa hiyo sina biashara hapa.

Watu wanasema daino kama ni kitu kimoja. Kuna daino ya magurudumu mazito tu, unakanyaga, yanazunguka, inapiga hesabu yalivyokimbia haraka kiasi gani basi. Hiyo ni mizani, inakupa namba ya kupostia. Halafu kuna yenye breki ndani, fundi anaiambia ishikilie mizunguko 3,000 na inashikilia hata ukikanyaga nusu au robo tatu, hapo ndipo kazi ilipo. Unaongeza taimingi digrii moja, unaangalia toki (nguvu ya kuzungusha) imepanda au haijapanda, unaongeza tena, ikifika mahali haipandi unasimama, hata kama haijagonga. Kwa mafuta yetu mara nyingi itagonga kabla hujafika huko, basi unarudi nyuma unaacha nafasi. Barabarani huwezi kuhisi digrii moja kwa makalio, mtu asikudanganye. Unachokipata ni rekodi: sensa ya noki, busti, uwiano wa hewa na mafuta, kama ana sensa ya waidibendi (inayopima uwiano huo kwa upana) iliyofungwa vizuri kwenye eksozi. Kama hana waidibendi na anategemea ile sensa ya mbele iliyokuja na gari, mwambie arudi nyumbani, ile kwenye busti kamili haikuambii ukweli.

Kwa hiyo ukipiga simu Nairobi swali la kwanza liwe daino yenu ina breki? La pili, inabeba magurudumu manne? Otomatiki yako ina nafasi ya fyuzi chini ya boneti inayoikatia nguvu magurudumu ya nyuma, kuna wajanja wataiweka ili wakupandishe kwenye daino ya magurudumu mawili. Usikubali, ile ni ya dharura, si ya kuvutia busti kamili.

Na namba za karatasi usizilalie njaa. Nairobi iko kama mita 1,700, hewa ni nyembamba, daino inajumlisha asilimia za kufidia mwinuko. Kwa injini isiyo na tabo sawa, inapoteza kweli. Yenye tabo imeshajifidia yenyewe kwa sehemu kubwa, ukijumlisha tena unapata farasi wa kwenye karatasi tu.

abu_salma_dxb:
Salaam kutoka Dubai. Huku daino ziko kila kona na sheli tuna oktane (kipimo cha petroli kuhimili noki) 98, lakini mwaka juzi nilitengeneza yangu mwezi wa kwanza usiku, baridi tamu, mwezi wa saba joto 45 gari ikawa nzito kama imebeba saruji. Rekodi inaonyesha kompyuta inavuta taimingi kila ukikanyaga. Nikarudi, jamaa akaipunguza kidogo, akaingia nayo barabarani mchana wa jua kali. Tangu hapo imetulia.

dizeli_tu:
Tupeni habari za 1KD, ile dizeli ya Toyota, jamani, mnajadili petroli tu 😂

fundi_taimingi:
Fungua uzi wako mkuu, dizeli ukikosea haigongi, inayeyuka. Ni habari ndefu nyingine.

Mama_Foresta:
Mimi yangu ndiyo inayomhusu njiro_xt. Nilikaa Nairobi kikazi miaka minne, nikafanya daino huko, gari ilikuwa raha mustarehe. Nikarudi nayo Dar. Siku moja niko Mkuranga, kusini ya Dar, nakanyaga kulipita lori, gari ikakatika kama mtu kazima swichi, ikashika tena, ikakatika tena, na lori la mbele yangu na basi linakuja, sitaki hata kukumbuka. Nikajua pampu, nikanunua pampu. Nikajua plagi, nikanunua plagi. Kumbe busti ilikuwa inapanda kupita kiwango kompyuta inakata mafuta ijiokoe. Kijana mmoja akaja na laptopu, usiku mmoja tu barabara ya Bagamoyo, kwisha. Tena hakugusa taimingi hata kidogo.

msee_wa_rongai:
Uuui pole mama. Na pampu ulibaki nayo?

Mama_Foresta:
Iko stoo, nauza 😅

fundi_taimingi:
Asante mama, hilo ndilo watu hawaulizi. Huku juu hewa ni nyembamba, tabo inabidi izunguke zaidi ifikishe busti ile ile, kwa hiyo fundi anaiambia solenoidi ya westigeti (kilango kinachopunguza moshi unaozungusha tabo) ifunge zaidi. Ukishuka pwani na mipangilio ile ile, hewa ni nzito, westigeti bado imefungwa, busti inapitiliza. Ndani ya ROM (kumbukumbu ya kompyuta ya gari) kuna jedwali la kufidia mgandamizo wa hewa, ila fundi aliyekaa Nairobi muda wote halijaribu kwa sababu hawezi kuijaribu bahari akiwa milimani.

njiro_xt unaendeshea wapi zaidi? Na hiyo injini umeshaipima kompresheni (mgandamizo ndani ya kila silinda)? Ramani ya Japani imeandikwa kwa petroli yao ya karibu oktane 100, wewe umekuwa ukiweka ya sheli yetu mwaka mzima huku busti imeshapanda kwa ajili ya eksozi. Kabla ya laki sita tafuta geji.

njiro_xt:
Naishi Arusha lakini Dar nashuka karibu kila mwezi, Moshi, Segera, Chalinze. Kupima sijapima. Nitapima wiki hii.

Babu_Tabo:
Pima injini ikiwa ya moto, plagi zote nje, betri imejaa, mguu chini kwenye aksileta. Na fyuzi ya pampu toa.

njiro_xt:
Nimerudi wakuu. Silinda ya 1 ni psi 128, ya 2 ni 130, ya 3 ni 126, ya 4 ni 104. Nimesoma mahali inatakiwa 140 hadi 170, ina maana zote zimekufa??

fundi_taimingi:
Hapana, tulia. Hizo za vitabuni ni za usawa wa bahari, wewe uko mita 1,400, geji lazima isome chini kama asilimia 15, kwa hiyo 128 kwa Arusha ni injini yenye afya. Tatizo ni ya nne. Tofauti kati ya silinda inatakiwa isizidi 7 hivi, wewe una zaidi ya 20. Na ya nne kwenye hizi EJ za tabo ndiyo inayotangulia mara nyingi. Weka kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena, ikipanda ni ringi au ukingo wa pistoni, isipopanda ni valvu.

njiro_xt:
Imepanda mpaka 122.

Babu_Tabo:
Pole dogo.

msee_wa_rongai:
Ngori. Rudisha eksozi ya zamani kama bado uko nayo, na usikanyage.

njiro_xt:
Ninayo, nafunga kesho asubuhi. Yule jamaa wa laptopu nimempigia nikamweleza, akasema haina neno, atanitengenezea ramani ya upole tu, nimlipe laki nne.

fundi_taimingi:
Namba yake ifute.

Mama_Foresta:
Na ukifungua injini niulize, nina pampu mpya kabisa.