Bega kuganda: sindano, fizio, kupindwa mkono ukiwa nusukaputi au kungoja tu? Waliopitia nisaidieni ulinganisho

Mshona_Nguo:
Wakuu habari zenu. Bega langu la kushoto limeganda, daktari kashathibitisha, eksirei haina shida mfupa uko salama, ila mkono haupandi hata kufika sikioni na kufunga sidiria kwa nyuma nshasahau kabisa. Kinachonimaliza ni usiku jamani, mchana najikaza ila usiku ukijigeuza vibaya tu unaamka na machozi. Nimeandikiwa kumuona bingwa wa mifupa, foleni yake ni ya miezi, na huku nje kila ninayemuuliza ana jibu lake, huyu anasema chomwa sindano, huyu fizio (tiba ya mazoezi), mwingine eti watakulaza usingizi daktari aupinde mkono kwa nguvu mpaka uachie (hii imenitisha kwakweli), na mwingine ananiambia achana nalo litapona lenyewe. Naomba waliopitia mnilinganishie, kipi kilisaidia kipi kupoteza muda, na mlikua mnaishije mkisubiri. Kazi yangu ni cherehani, mkono mmoja hautoshi.

Kibuyu_Tupu:
Pole sana dada, huo usiku naujua. Mimi nilichomwa sindano ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) ndani ya kiungo chenyewe, na cha kwanza kurudi ni usingizi, maumivu yale ya kuamshana yalipungua ndani ya siku chache tu. ILA ugumu ulibaki palepale, nilipokua sifikii mgongoni bado sikufikia, kwa hiyo usije ukachomwa ukategemea kesho yake unanyanyua ndoo. Baada ya miezi kadhaa nguvu yake ikapungua lakini kufikia hapo bega lenyewe lilishatulia. Kwangu mimi sindano namba moja, mradi uiwahi mapema bega likiwa bado linauma, ukichelewa hadi limebaki gumu tu bila maumivu faida yake inakua ndogo.

Mzee_wa_Spana:
Acheni kudekezana humu. Kiungo ukikiacha kinashika kutu kama bawaba ya geti, dawa yake ni kukilazimisha. Tafuta bomba au tawi la mti, ning'inia kila asubuhi, kaza meno, utalia wiki ya kwanza alafu litaachia. Hayo masindano ni kujaziana madawa tu mwilini.

Fizio_wa_Zamu:
Mzee wangu shikamoo, nakuheshimu ila hapo kwenye kuning'inia naomba nipingane na wewe kabla dada hajaenda kutafuta mti.

Bega kuganda sio kutu. Kiungo cha bega kimezungukwa na mfuko laini, mfuko huo unapata uvimbe, alafu unakua mnene na kusinyaa mpaka hauna nafasi ya mfupa kuzunguka. Na ugonjwa wenyewe una vipindi vyake. Cha kwanza ni cha maumivu, hasa usiku, na bega linaanza kukaza, kinaweza kwenda miezi kadhaa hadi karibu tisa. Alafu maumivu yanapungua lakini mkono umefungwa kweli kweli, miezi minne hadi kumi na mbili hivi. Halafu linaanza kuachia polepole, na hapo ndo watu wanakata tamaa maana inaweza kuchukua mwaka na zaidi. Jumla wengi ni mwaka mmoja hadi mitatu, na wapo wanaobaki na ugumu kidogo hata baada ya hapo, kwa hiyo anayesema litapona lenyewe hajadanganya, ila hajakwambia lini.

Sasa kulilazimisha likiwa kwenye kipindi cha kwanza ni kuchokoza uvimbe. Kuna utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2004, wagonjwa 77, kundi moja walikandamizwa fizio nzito ya kuvuta hadi kupita maumivu, kundi la pili walielezwa ugonjwa ni nini wakafanya mazoezi mepesi yasiyovuka maumivu. Baada ya miaka miwili waliofanya taratibu 89% bega lilikua limerudi kawaida au karibu na kawaida, wale wa kulazimishwa 63%. Ni utafiti mdogo na haukugawanya watu kwa bahati nasibu, lakini mimi kila siku naona hicho hicho.

Dada jipime: ukikaa tu umetulia linauma? Linakuamsha usiku? Basi uko kipindi cha kwanza, lengo lako sasa ni kutuliza, sio kunyoosha. Kama linauma pale tu unapofika mwisho wa mkono kwenda, hapo ndo mazoezi ya kuvuta yana kazi.

Mzee_wa_Spana:
Marahaba. Mbona mimi langu liliachia kwa bomba?

Fizio_wa_Zamu:
Liliachia ukiwa na bomba mzee, hatuwezi kujua kama liliachia kwa sababu ya bomba 😄 Kama ulilianza baada ya mwaka mzima basi lilikua liko njiani kuachia tayari.

Tunu_K:
Mimi ndo huyo wa kulazwa usingizi, usiogope hivyo mdogo wangu. Langu lilikaa gumu kwa muda mrefu sana, sindano nimepata, fizio nimefanya, wapi. Wanakupa nusukaputi unalala, daktari anauzungusha mkono taratibu kwa mpangilio maalumu mpaka ule mfuko uachane, sio kwamba anakuvuta kama anang'oa jino. Mimi nilirudi nyumbani siku hiyohiyo na fizio ikaanza mara moja, na hiyo fizio ya baadae ndo yenye shughuli, ukizembea linarudi kukaza. Hatari zipo na walinieleza kabla ya kusaini, mfupa wa juu wa mkono unaweza kuvunjika au misuli ya bega kuchanika, haitokei mara nyingi, ila mwenye mifupa dhaifu aseme mapema. Ningekua niko kwenye maumivu ya mwanzo kama wewe nisingekimbilia huko.

Msoma_Ripoti:
Naongezea namba kidogo kwa wanaopenda ushahidi. Uingereza walifanya jaribio kubwa linaitwa UK FROST, matokeo yakatoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2020. Watu 503, wakagawanywa kwa bahati nasibu makundi matatu: fizio ya mpangilio pamoja na sindano ya steroidi, kupindwa mkono ukiwa nusukaputi (nao walipewa steroidi), na upasuaji wa matundu madogo ambapo wanaingiza kamera wanakata ule mfuko uliokaza. Baada ya mwaka mmoja makundi yote matatu yalikua yamepata nafuu kubwa na hakuna lililomshinda mwenzake kwa tofauti ambayo mgonjwa angeihisi sana. Waliofanyiwa upasuaji walikua mbele kidogo kwenye alama za maumivu na matumizi ya bega ila matatizo makubwa yalionekana zaidi kwao, na waliofanya fizio na sindano wengi zaidi walihitaji tiba nyingine baadae. Kupindwa mkono ndo kulionekana kuna thamani zaidi ukilinganisha gharama na matokeo.

Kitu ninachokiona cha muhimu kwa mleta mada ni hiki, fizio na sindano huwa zinapatikana haraka kuliko chumba cha upasuaji. Kwa hiyo swali sio "ipi bora" tu, ni ipi unaweza kuanza nayo sasa hivi ukiwa bado foleni, maana ukianza na hiyo hujajifungia mlango wa zile nyingine.

Bahari_Tulivu:
Mmesahau sindano ya maji. Mimi nilifanyiwa hiyo, wanaongozwa na ultrasaundi wanajaza maji ya chumvi yaliyochanganywa na ganzi na steroidi mpaka mfuko unatanuka. Unasikia bega limejaa, presha ya ajabu dakika chache, alafu inapita. Ilinisaidia, ingawa daktari aliniambia ukweli kwamba ukiilinganisha na sindano ya kawaida faida ya ziada sio kubwa sana, kwa hiyo kama kwenu hakuna usihangaike kuitafuta mbali.

Bibi_wa_Mito:
Wajukuu mnaongea tafiti na mwenzenu halali. Nisikilize mama, lala chali, weka mto chini ya kiwiko na mkono wote ili bega lisidondoke nyuma, mto mwingine mdogo uukumbatie tumboni. Ukitaka ubavu lala kwa upande mzima na mto mkubwa kifuani mkono mgonjwa uegemee hapo. Kuvaa nguo anza na mkono unaouma, kuvua anza na ule mzima, ukikosea huo mpangilio utajua hujui. Sidiria funga kwa mbele alafu uizungushe. Vitu vya kila siku vishushe kutoka kabati la juu. Maji ya moto ya kukanda dakika kumi na tano kabla ya mazoezi yanalegeza, mwingine anapenda barafu, angalia mwili wako unataka nini. Kukanda sio kusigina lakini, anayekusigina bega mpaka unapiga kelele mfukuze.

Nesi_Pole:
Maswali mawili kwa mleta mada kabla hatujaendelea: una kisukari? Tezi ya shingo iko sawa? Bega kuganda linawapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake zaidi, na wenye kisukari wako kwenye hatari kubwa mno kuliko wengine, na kwao linachelewa kupona. Kuna watu wamegundulika sukari kwa sababu ya bega.

Painkila nazo kuwa makini, zile za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki usizinywe miezi yote ya kusubiri bila mtu kukufuatilia, hasa kama una vidonda vya tumbo, presha au figo. Na kuna mambo hayasubiri foleni: bega limevimba jekundu la moto na una homa, mkono umekosa nguvu ghafla baada ya kuanguka, ganzi inayoshuka mkononi, unapungua uzito bila sababu, au maumivu ya bega la kushoto yanayokuja na kifua kubana na jasho. Hayo nenda siku hiyohiyo.

Mshona_Nguo:
Asanteni sana aisee nimesoma zote mara mbili. Bibi shikamoo, jana nimejaribu mito nimelala mpaka alfajiri 🙏. Nesi umenigusa, sukari ninayo, nakunywa vidonge. Kwa hiyo sindano siruhusiwi? Na kwa maelezo ya fizio naona niko kipindi cha kwanza kabisa, linauma hata nikiwa nimekaa. Na cherehani niache?

Nesi_Pole:
Sio marufuku dada, ila waambie kabla hawajakuchoma. Steroidi inapandisha sukari, mara nyingi kwa siku kadhaa, kwa hiyo unapima mara nyingi zaidi siku hizo na mnakubaliana na daktari wako utafanya nini ikipanda. Kama sasa hivi iko juu sana wanaweza kutaka ishuke kwanza. Na muulize daktari wa kawaida anayekutibu, sehemu nyingi sindano hii haimhitaji bingwa, na fizio pia anaweza kukuandikia wakati jina lako liko foleni.

Fizio_wa_Zamu:
Cherehani usiache, na mkono usiufunge kwenye kitambaa shingoni, utakaza zaidi. Cha kufanya ni kiti na meza vikae urefu ambao viwiko vinabaki karibu na mbavu, usinyooshe mkono mbali kusukuma kitambaa kizito, mkasi na nyuzi viwe karibu upande wa kulia. Kila baada ya nusu saa simama, inama kidogo ushike meza kwa mkono mzima, mwingine uache uning'inie kwa uzito wake uubembee mbele nyuma na duara ndogo, dakika moja inatosha. Alafu ukiwa umekaa, kiwiko ubavuni kimekunjwa, shika fimbo kwa mikono yote miwili, ule mzima uusukume mgonjwa kwenda nje mpaka unapohisi inavuta, sio inapochoma, maana huko kuzungusha nje ndo kunakopotea sana. Kipimo chako: maumivu yakiongezeka na yakakaa kuliko nusu saa baada ya mazoezi, kesho punguza. Andika kila wiki mkono umefika wapi, bingwa atakuuliza hilo na utakua na jibu.

Mzee_wa_Spana:
Na bomba je, baadae?

Fizio_wa_Zamu:
Usiku ukishakua kimya mzee, na miguu ibaki chini.