Picha ya njia ya msituni Magamba imejaa vurugu, naiokoaje?

Kinyonga_Lushoto:
Wakuu, habari zenu. Nina picha ya njia ndani ya msitu wa Magamba, huku Lushoto, imepigwa saa nne asubuhi jua likiwa limeshapenya. Lenzi ni 18-55 ikiwa kwenye 18 (pana kabisa), tundu la lenzi f/5.6, ISO 800 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), shata 1/60 ya sekunde, faili la JPEG (lililobanwa), fremu imelala, kamera kimo cha kifua. Njia inaanzia chini katikati, inapinda kushoto, kisha inapotelea vichakani.

Shida ni kwamba ukiitazama huioni njia. Unaona matawi yaliyopishana, mabaka meupe ya jua juu ya majani, mti mwembamba uliokatika nusu upande wa kulia, na kijani kinachong'aa kama ndoo ya plastiki. Nimeongeza kontrasti na klariti, ndiyo kwanza ikaharibika. Inaokoleka au niipige upya?

Fundi_Fremu:
Mkuu, klariti ndiyo iliyokuangusha. Kazi yake ni kukoleza kingo, na msituni kila jani ni kingo. Irudishe sifuri, na kwa vichaka vya nyuma ishushe hadi -15. Kama unaitaka sana, ipake kwenye udongo wa njia na shina moja la mbele tu.

Kabla ya kugusa rangi, kata. Igeuze iwe wima, 4 kwa 5, ukitupa upande wa kulia mpaka ule mti utoke wote. Faili la 6000 kwa 4000 litabaki 3200 kwa 4000, na A4 bado inachapika vizuri.

Halafu mwanga. Shusha eksposha (mwangaza) ya picha nzima kwa 0.5 na hailaiti (sehemu zenye mwanga mkali) hadi -50. Chukua brashi yenye kingo laini, uipitishe juu ya njia kuanzia miguuni hadi kwenye kona, uongeze 0.5 na ujoto kidogo. Pembe za picha zishushe tena 0.3. Jicho hukimbilia penye mwanga, kwa hiyo njia ikiwa ndiyo yenye mwanga, matawi yatakaa kimya yenyewe.

Kijani: programu nyingi huhesabu rangi ya majani kuwa njano zaidi kuliko kijani. Ukigusa kijani peke yake utashangaa mbona hakuna kinachobadilika. Punguza ukolevu wa njano na kijani, zote mbili, kwa 20 hadi 30, kisha sogeza kijani kidogo upande wa njano. Ile plastiki itaondoka.

Ukungu_wa_Asubuhi:
Nampinga Fundi kidogo. Hiyo ni kuosha nguo iliyochanika. Mabaka yaliyoungua kwa mwanga kwenye JPEG hayana kitu ndani. Ukiyavuta yanageuka kijivu kama majivu. Rudi upige upya, na upige RAW, yaani faili ghafi la kamera.

Nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya ukungu au wingu zito. Ukungu unatenga tabaka: mti wa karibu mweusi, wa pili kijivu, wa tatu unafifia. Hapo msitu unajipanga wenyewe bila programu. Ila kamera hudanganywa na weupe huo ikatia giza, kwa hiyo ongeza eksposha +0.7.

Acha 18. Inameza kila kijiti na kuisukuma kona mbali. Rudi nyuma hatua kumi, tumia 50 hadi 55. Kama njia ni tambarare, nyanyua kamera juu ya kichwa: uso wa njia unafunguka na pindo linaonekana. Kifuani, majani ya pembeni yanalifunika. Njia ikipanda mlima ni kinyume, unaweza kuchuchumaa.

f/8, ISO 200, stendi, taima ya sekunde 2. Polaraiza, kichujio cha mbele ya lenzi, izungushe polepole hadi ule mng'ao mweupe juu ya majani mabichi uzimike. Inakula stopu moja na nusu hadi mbili za mwanga (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu).

Kinyonga_Lushoto:
Stendi sina, polaraiza sina.

Ukungu_wa_Asubuhi:
Bana kamera kwenye shina, piga picha tano mfululizo, chagua iliyotulia. Upepo ukitikisa majani usishuke chini ya 1/60. Panda hadi ISO 1600. Chenga (punje punje zinazoletwa na ISO kubwa) zinasafishika, jani lililosagika halitengenezeki.

Bibi_Kamera:
Wanangu, mnasahau kingo za fremu. Kabla ya kubonyeza, zungusha jicho pande zote nne. Kijiti kinachochungulia pembeni kinaondoka kwa kusogea nusu hatua. Kikavu kilichoanguka njiani kiokote, kibichi usikivunje, ule ni msitu wa hifadhi. Na mkipata mtu mwenye kanga nyekundu amesimama pale kwenye kona, mmemaliza kazi.

Kinyonga_Lushoto:
Asanteni, bibi shikamoo. Kwa sasa nimekata 4 kwa 5, mti umetoka na njia inaonekana. Juu kushoto kimebaki kitundu cheupe cha mbingu.

Fundi_Fremu:
Usikitie giza, kitakuwa kiraka. Kikigusa ukingo, kata tena. Kikiwa ndani, tumia stempu ya kunakili, chukua majani ya kivulini yaliyo jirani, ulaini wa brashi nusu. Kisha punguza picha iwe kubwa kama kucha ya dole gumba. Ukiona kitundu kabla ya njia, bado hujamaliza.

Bibi_Kamera:
Marahaba. Nakala ya asili usiifute.