FOLFOX au CAPOX kwa mgonjwa anayeishi Ukerewe?

Kijana_wa_Nansio: Wakuu, na shikamooni wakubwa. Mama kafanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana, tezi 2 za limfu zikakutwa na ugonjwa. Hatua ya tatu. Daktari wa hospitali ya Bugando, Mwanza, katupa njia mbili za dawa za saratani, FOLFOX na CAPOX, zote zina oksaliplatini, dawa ya dripu yenye platini. Kila safari ni kivuko, nauli, na pa kulala Mwanza. Mngechukua ipi?

NesiMstaafu: Pole mwanangu. FOLFOX ni kila wiki 2, na dawa yake nyingine, fluorourasili, inaingia polepole saa 46, kwa pampu ya kuvaa au kwa kulazwa. CAPOX ni kila wiki 3: dripu ya kama saa 2, kisha vidonge vya kapesitabini asubuhi na jioni siku 14, halafu siku 7 za kupumzika. Ale kwanza, ameze ndani ya nusu saa.

MamaSangara: Nilitumia CAPOX. Nauli niliokoa, ila nyayo zilibabuka hadi nikawa natembea kama bata. Halafu baridi! Mimi nauza samaki Mwaloni, Kirumba. Siku ya tatu baada ya dripu nikashika barafu kwa mazoea, vidole vikapigwa kama shoti ya umeme. Hiyo ni oksaliplatini, kwa hiyo FOLFOX haimkwepeshi. Maji ayanywe vuguvugu, na asubuhi ziwani ajifunike mdomo.

Mkazi_wa_Igoma: Si sisiplatini nayo ni ya platini, na bei yake nafuu?

NesiMstaafu: Jina la ukoo tu, kaka. Kwenye utumbo mpana sisiplatini haisaidii.

Msoma_Tafiti: Ulizeni muda pia. Utafiti wa IDEA, 2018, wagonjwa zaidi ya 12,000: wenye tezi 1 hadi 3 zenye ugonjwa na uvimbe usiopenya sana, CAPOX ya miezi 3 ilikaribiana mno na ya miezi 6, ganzi ikiwa ndogo zaidi. FOLFOX ya miezi 3 haikufikia hapo. Kwangu CAPOX, figo zikiruhusu.

NesiMstaafu: Sawa, lakini vidonge nyumbani maana yake nesi ni wewe. Akiharisha mara 4 zaidi ya kawaida yake kwa siku, au homa ikifika 38, asimeze kingine. Pigeni simu na mwende hospitali, hata usiku. Na kama anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, daktari ajue leo.

Kijana_wa_Nansio: Warfarini hatumii. Figo tunapima Jumatatu. Mzunguko wa kwanza atakaa kwa dada yangu, mtaa wa Nyakato, Mwanza, karibu zaidi na hospitali. Kipimajoto nimeshanunua.

MamaSangara: Nunua na soksi.