Mrejesho: Kwa nini jeni moja hutoa protini fupi na ndefu za NCAM

Ndugu zangu, wiki mbili zilizopita niliuliza, nikiwa hapa Kigoma ninakofundisha biolojia kidato cha sita, kama maumbo mafupi ya NCAM, kipokezi kinachoshikamanisha seli za neva, ni vipande vya protini ndefu iliyokatwa. Nawashukuru kwa majibu yenu. Nilikuwa natazama mahali pasipo sahihi. Vimeng'enya huweza kweli kukata protini iliyokwisha kutengenezwa, lakini hilo ni jambo jingine. Hapa mkato hufanyika kwenye RNA, nakala ya jeni inayobeba ujumbe wa kutengeneza protini: jeni ni moja, ila seli huamua eksoni (vipande vya ujumbe huo) zipi ziunganishwe na zipi ziachwe, kabla ribosomu, mashine za seli zinazounda protini, hazijausoma ujumbe. Ndipo hupatikana maumbo makuu matatu, ya kilodaltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 180, 140 na 120. La 140 halina eksoni ya 18, hivyo mkia wake wa ndani ya seli ni mfupi. La 120 halina kabisa mkia huo wala sehemu ipenyayo utando wa seli, bali limeshikizwa juu ya utando kwa nanga ya mafuta. Kilichonigusa zaidi ni kwamba sehemu ya nje, ile inayoshika seli jirani, hufanana sana katika yote matatu. Jumatatu nitawasahihishia wanafunzi wangu mchoro niliowapa.