MREJESHO: Ile sarafu ndogo yenye ngome ya minara mitatu

Wakuu, nilirudi na jibu. Niliuliza kama kisarafu cheusi chenye ngome ya minara mitatu na mwaka 1855 ni fedha halisi (madini ya silver), na nikisafishe vipi.

Ni schilling 1 ya Hamburg, mji wa Ujerumani. Ngome ni nembo ya mji. Nembo ingekuwa ufunguo, sarafu ingekuwa ya mji wa Bremen. Kwa hesabu ya pesa za Hamburg, schilling 16 zilifanya mark moja, na schilling moja ilikuwa pfennig 12.

Mizani ya sonara imeonyesha gramu 1.05, kipimo cha kiwandani ni 1.08, kwa hiyo imelika kidogo tu. Fedha ndani yake ni 37.5%, yaani kama gramu 0.4. Iliyobaki karibu yote ni shaba, ndiyo maana ukingoni kuna kutu ya kijani.

Aliyenikataza kuisafisha kwa magadi na karatasi ya alumini alikuwa sahihi kabisa. Sarafu za aina hii zilichemshwa kwenye asidi kabla ya kugongwa muhuri, shaba ya juu ikaondoka, ukabaki utando mwembamba wa fedha. Ukisugua, utando unatoka na wekundu unajitokeza. Utando huo haurudi.

Nimeiloweka kwenye asetoni dakika 10 (bakuli la kioo, dirisha wazi, mbali na moto), nikaisuuza kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke, nikaikausha kwa kuigandamiza na kitambaa laini bila kusugua. Mafuta yametoka, weusi umebaki. Nauacha. Sasa iko kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi, si plastiki laini ya PVC.