Kuongeza thredi za majaribio kwenye intapreta: kufuli moja kuu, makufuli mengi, au nakala kwa kila thredi?

Msimbo_Wazi (mleta mada)

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Ninasimamia intapreta (programu inayosoma skripti na kuitekeleza) ya lugha ndogo ya skripti, iliyoandikwa kwa C, ambayo ofisini kwetu hutumika kuchambua mafaili ya logi za seva na kutoa ripoti. Kumbukumbu inasimamiwa kwa kaunta za marejeo: kila kitu, kiwe namba, matini au orodha, kina kaunta inayoonyesha ni sehemu ngapi zinazokirejelea, na kaunta ikifika sifuri kitu hicho hufutwa papo hapo. Seva zetu zina kori nyingi (vitengo vya prosesa vinavyofanya kazi sambamba), lakini skripti moja hutumia kori moja tu huku nyingine zikikaa bure, na watumiaji wameanza kudai thredi, yaani mikondo ya utekelezaji inayokwenda sambamba ndani ya programu moja.

Nia yangu ni kuzileta kama jambo la majaribio, yaani chaguo la wakati wa kukompaili ambalo kwa kawaida limezimwa, ili asiyezihitaji asiathirike. Ninapokwama ni kwenye usanifu. Naweza kuweka kufuli moja kuu ambalo thredi hulishika kabla ya kutekeleza chochote, na ni thredi moja tu inayoweza kulishika kwa wakati mmoja. Naweza kuweka kufuli kwenye kila kitu. Au naweza kuipa kila thredi intapreta yake na nakala yake ya data. Ningependa kujua ni uamuzi upi kati ya hii ambao ni vigumu kuutengua baadaye. Naomba kuwasilisha.

Baiti_Nane

Ndugu mleta mada, kabla hujaandika mstari hata mmoja, tazama yaliyoipata lugha ya skripti ya Perl, kwa sababu ilijaribu kushirikisha data yote na ilijaribu nakala, moja baada ya nyingine. Toleo la 5.005 la mwaka 1998 lilileta thredi zilizotangazwa waziwazi kuwa za majaribio, na ilibidi uikompaili Perl upya kwa chaguo maalumu ili uzipate. Katika mfumo ule data ilikuwa ya wote: kigeu cha jumla kilichowekwa na thredi moja kilionekana na thredi nyingine zote. Kwa mwandishi wa skripti jambo hilo linapendeza, lakini kwa mtunza intapreta lilikuwa balaa, kwa kuwa katika Perl hata kusoma ni kuandika. Chukua kigeu chenye matini "10". Ukikijumlisha na 5, intapreta huigeuza matini hiyo kuwa namba, kisha huihifadhi namba ndani ya kigeu kilekile ili isirudie kazi hiyo tena. Mwandishi wa skripti anaamini amesoma tu, kumbe ndani kwa ndani muundo wa kigeu umebadilika, na thredi ya pili iliyokuwa ikikisoma wakati huohuo inaweza kukikuta kikiwa katikati ya mabadiliko. Kagua kama lugha yako ina tabia hiyo. Lugha nyingi za skripti zinayo.

Toleo la 5.6 la mwaka 2000 liligeuza mkondo. Kila thredi ikapewa intapreta kamili, data yote ikawa inanakiliwa thredi inapozaliwa, na kinachoshirikiwa kikawa kile tu kilichotangazwa kuwa cha kushirikiwa. Mwandishi wa skripti alifunguliwa rasmi mlango wa kuzitumia katika toleo la 5.8, mwaka 2002, na ule mfumo wa kwanza ukaondolewa kabisa katika 5.10, mwaka 2007. Nakala nazo zina gharama: kuzaa thredi katika programu yenye data nyingi ni kazi nzito, na vigeu vya kushirikiwa ni vya polepole kuvifikia. Nyaraka za Perl zenyewe leo zinasema kwamba matumizi ya thredi hizo hayashauriwi.

Hata hivyo mimi ningechagua nakala. Ukianza kwa kumwambia mtumiaji kwamba hakuna kinachoshirikiwa, unaweza kulegeza sharti hilo baadaye bila kuharibu skripti ya mtu yeyote. Ukianza kwa kumwambia kwamba vyote vinashirikiwa, siku ukitaka kukaza utavunja kila skripti iliyotegemea ahadi hiyo, hata kama uliandika neno "majaribio" kwa herufi kubwa. Lugha ya Tcl imeishi na mpangilio wa intapreta moja kwa thredi moja, zikipelekeana ujumbe, tangu toleo la 8.1, na watumiaji wake hawaulalamikii sana.

Kaunta_Sifuri

Natofautiana kidogo na mchangiaji aliyetangulia, kwa sababu kufuli kuu limedharauliwa mno. Python imekuwa nalo tangu 1992, na limeifikisha hapo ilipo. Linachozuia ni hiki: kaunta ya orodha ni 1 na thredi mbili kila moja inataka kuiongeza moja; thredi ya kwanza inaisoma 1, na kabla haijaandika, thredi ya pili nayo inaisoma 1, zote mbili zinaandika 2, ilhali jibu sahihi ni 3. Baadaye sehemu mbili kati ya hizo tatu zikiiachia orodha, kaunta inafika sifuri, orodha inafutwa, na sehemu ya tatu inabaki imeshika anwani ya kumbukumbu ambayo huenda imeshagawiwa kitu kingine. Utaona programu ikianguka mahali pasipohusiana kabisa na chanzo.

Njia ya makufuli madogo madogo usiiguse peke yako. Mwaka 1996 Greg Stein aliliondoa kufuli kuu katika Python 1.4 kwa kiraka chake, lakini programu zenye thredi moja zikawa za polepole mno, na kiraka hakikupokewa. Ilibidi kungoja kazi ya Sam Gross, ambayo pendekezo lake la kuliondoa kufuli hilo katika Python, PEP 703, lilikubaliwa mwaka 2023. Humo kila kitu kina kaunta mbili: moja ya thredi iliyokiumba, isiyohitaji ulinzi wowote, na nyingine ya thredi zilizobaki, inayobadilishwa kwa amri za prosesa zisizokatizwa katikati, na vitu vya kudumu kama None (thamani ya Python ya "hakuna kitu") havihesabiwi kabisa. Hata baada ya ustadi wote huo, Python 3.13 ya Oktoba 2024 isiyo na kufuli ilikuwa na upungufu wa kasi wa takriban asilimia 40 kwa thredi moja, hasa kwa kuwa sehemu ya intapreta inayojirekebisha kufuatana na aina za data ilikuwa imezimwa. Katika 3.14 ya Oktoba 2025 upungufu umeshuka hadi kati ya asilimia 5 na 10.

Weka kufuli kuu, uliachie kila unapongoja diski au mtandao, na ulishike tena kazi ya C ikirejea. Unaweza kumaliza kwa muda mfupi.

Msimbo_Wazi

Nashukuru sana kwa michango yenu. Tatizo langu na kufuli kuu ni kwamba muda mwingi wa skripti zetu hauishii kungoja diski, bali kulinganisha ruwaza za matini, ambayo ni kazi ya prosesa. Kufuli kuu litaziacha kori zikikaa bure kama sasa. Naelekea kwenye nakala. Je, moduli za C zilizoandikwa na watu wengine nizifanyeje, na vipi kuhusu skripti zinazoita fork(), amri inayonakili mchakato mzima kuwa mchakato mtoto?

Mlinzi_wa_Lango

Kuhusu moduli, iga Python 3.13. Moduli ya C isiyotamka yenyewe kwamba iko salama bila kufuli ikipakiwa, intapreta hulirudisha kufuli kuu na kutoa onyo. Kwako wewe ingetosha kukataa kuipakia moduli kama hiyo nje ya thredi kuu, pamoja na ujumbe unaotaja jina lake. Usimwamini mwandishi wa moduli kwa kunyamaza kwake: anayetumia fanksheni za C kama strtok au localtime anategemea hifadhi moja inayoshirikiwa na thredi zote, na wala hajui. Hata vigeu vya jumla vya intapreta yako mwenyewe itabidi uvihamishie ndani ya muundo mmoja unaopitishwa kwa kila fanksheni. Kazi hiyo ifanye kwanza, tena kwenye tawi kuu la msimbo, kwa sababu haihitaji thredi hata moja ili kupimwa.

Pia programu ya majaribio ipe jina tofauti, kama Python ilivyofanya kwa python3.13t, ili mtu asiipate kwa bahati mbaya na ili ripoti ya hitilafu ionyeshe mara moja imetoka wapi.

Fork ni habari nyingine. Katika mchakato mtoto hubaki thredi ile tu iliyoiita. Kama thredi nyingine ilikuwa imeshika kufuli, hata lile la ndani ya malloc (fanksheni ya C ya kuomba kumbukumbu) kwenye baadhi ya mifumo, kufuli hilo halitafunguliwa kamwe upande wa mtoto. Python hutoa onyo tangu 3.12 fork ikiitwa wakati kuna thredi zaidi ya moja. Kwa kuwa wewe bado huna watumiaji wa thredi, toa kosa moja kwa moja badala ya onyo, na uiruhusu fork pale tu inapofuatwa papo hapo na exec, amri inayoweka programu nyingine mahali pa ile iliyopo.