Je, hesabu ni ya binadamu peke yake?

Mtoa mada (Mkunazini, Unguja):
Assalaam alaykum. Kila itokeapo habari ya nyuki au kunguru aliyefaulu mtihani wa hesabu, wapo wanaosema kwamba mnyama hapungukiwi na chochote tulichonacho, na wapo wanaosema kwamba yote ni hadaa. Hao wa pili humtaja Hans, farasi wa Berlin aliyesifiwa mwaka 1904 kwa kujibu maswali ya kujumlisha kwa kugonga ukwato, mpaka Oskar Pfungst alipobainisha kwamba alikuwa akifuata mitikisiko midogo ya kichwa cha muulizaji, na kwamba muulizaji asipolijua jibu, farasi naye hulikosa. Kisa hicho ni cha kweli, lakini hakimalizi mjadala. Mwaka 1994 Karen McComb na wenzake walieleza jinsi walivyowasikilizisha simba majike wa Serengeti ngurumo za majike wageni zilizorekodiwa: wenyeji waliiendea sauti ya mgeni mmoja kwa urahisi zaidi kuliko sauti za watatu, na ujasiri uliongezeka kadiri wao wenyewe walivyokuwa wengi. Pale hapakuwa na mtu wa kutikisa kichwa.

Hata hivyo, ninashikilia kwamba simba anapima wingi tu. Mchezaji wa bao akitupia jicho shimo lenye kete tatu hujua papo hapo kuwa ni tatu. Zikiwa kumi na tatu, ama akisie ama azihesabu moja moja. Kutambua na kukisia tunashirikiana na wanyama, lakini kuhesabu moja moja bila kikomo ni kwetu. Ai, sokwe wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, ambaye Tetsuro Matsuzawa aliripoti mwaka 1985 kwamba anataja idadi kwa tarakimu 1 hadi 6, alihitaji mazoezi marefu kwa kila tarakimu mpya, kana kwamba zilizotangulia hazikumfaa kitu. Mtoto huhangaika na moja, mbili na tatu, kisha anapokaribia miaka minne huona kwamba kila namba ni iliyotangulia na moja zaidi, na zilizobaki humjia kwa wepesi.

Mchangiaji (Wete, Pemba):
Waalaykum salaam, Maalim. Ai umembebesha hoja nzito kuliko anavyoweza. Alex, kasuku wa kijivu aliyefundishwa na Irene Pepperberg huko Marekani, alijifunza kutamka 7 na 8 na kujua kwamba zinafuata 6. Kisha, kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012, alizitumia kwa idadi yake sahihi bila ya kufundishwa hilo. Ndege mmoja ni ushahidi mwembamba, nakubali.

Linalonishughulisha zaidi ni Wapirahã wa Amazon, nchini Brazili, ambao lugha yao haina maneno ya idadi kamili. Peter Gordon aliripoti mwaka 2004 kwamba katika kazi zilizohitaji kumbukumbu, idadi ilipozidi tatu hivi walianza kukisia. Nao ni binadamu kamili. Basi kuhesabu bila kikomo tunakurithi kwa maneno, kama watoto wetu wanavyokupata skuli, chuoni na kwenye tasbihi ya bibi, wala hatuzaliwi nako.

Mchangiaji (Chake Chake):
Mmewaruka vifaranga. Mwaka 2009 Rosa Rugani na wenzake, Italia, waliwazoesha vifaranga wa siku chache kuvifuata vitu vidogo, kisha wakavificha nyuma ya vizuizi viwili na kuvihamisha kimoja kimoja mbele ya macho yao. Vifaranga walikwenda palipobaki vingi, bila ya kufunzwa. Kwa hiyo kitu fulani tunazaliwa nacho, kuku na sisi.

Mtoa mada:
Ndugu zangu, la vifaranga silipingi, kwani namba zenyewe ni ndogo mno. Kuhusu Wapirahã, mtoto wao akilelewa Wete atahesabu sawa na wenzake wa darasa moja, na hatahitaji miaka thelathini ya mwalimu wa peke yake kama Alex. Maneno yanahitajika, hilo nimelipokea. Lakini Ai alipewa alama zote, akabaki kujifunza moja moja. Nani ataeleza tofauti hiyo bila ya kurudi kwenye ubongo?